Masika wa Daraja la Mpondwe

Masika mwanangu, uliyeko Mbarara na mtoto mchanga kifuani,

Nimeinuka mara tatu kufunga mlango ambao tayari umefungwa. Chai nimeichemsha mpaka sufuria ikaungua. Ungekuwa hapa Bwera ungenicheka na kusema, "Baba, keti chini, hata wezi wamestaafu." Siketi. Tangu uliponipigia simu wiki iliyopita, siketi.

Watu wa redio moja ya Kasese walinijia, wakataka niwaandikie niliyoyaona miaka yangu ya upelelezi. Eti mimi ni shahidi wa historia. Niliandika habari za mto Nyamwamba uliposhuka Kilembe ukibeba milango na vitanda vya watu. Niliandika usiku wa risasi milimani. Hayo yalitoka haraka. Nilipofika siku ya daraja la Mpondwe, mpakani na Kongo, kalamu iligoma. Basi leo naandika siku hiyo peke yake, na naiandika kwako, wazi, watu wakisoma. Sababu utaiona.

Unaikumbuka safari yetu ya Kabatoro? Nilikwenda kuuliza habari za chumvi iliyoibwa, nikakupakia kwenye pikipiki kwa sababu ulilia kubaki. Ulionja chumvi ya kila gunia, halafu ukaninong'oneza ni gunia lipi la wizi. Ulikosea kabisa, lakini nilivimba kichwa kwa fahari. Tulipokuwa tunarudi, ukaanza kunihoji mimi.

"Baba, siku ile watu walivuka daraja wangapi?"

"Wengi mno."

"Na wewe uliandika majina?"

"Niliandika."

"Na hakuna mtu aliniulizia?"

Nikasema hakuna. Uliuliza tena ulipokuwa sekondari, ukauliza tena wiki ya harusi yako. Mara tatu, na jibu langu halikubadilika hata neno. Mimi niliyewahoji watu miaka thelathini najua maana yake. Shahidi anayerudia maneno yale yale amekariri.

Alikuja, Masika. Mama yako aliyekuzaa alikuja.

Vita vilikuwa vimewasukuma watu wa Kongo mpaka kwetu, na mimi niliwekwa mezani karibu na daraja na daftari la watoto waliopotea. Mtu wa Soroti mimi, mbali huko mashariki, nilikuwa na miezi miwili tu huku, sijui mila ya mtu. Akafika mwanamke miguu mitupu, kitenge kimelowa mpaka magotini.

"Afande, niko natafuta mutoto yangu Masika. Iko na alama ya moto ku mukono."

Niliandika jina lake, nikapekua daftari, nikaona Masika, amepelekwa Kasese kwa lori la asubuhi. Alama sikuiuliza. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali, na nilijiona hodari kwa kumpata upesi.

"Masika yako iko mbele, mama. Fuata lori. Kimbia!"

Akakimbia. Hata maji hakuomba.

Mchana nilimsimulia muuza vitenge mmoja, Mkongomani, kwamba jina la Masika limejaa daftarini. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Afande, kwetu binti wa kwanza ni Masika. Kila nyumba iko na Masika yake!" Nikacheka naye. Nilicheka, mwanangu, na mama yako yuko barabarani.

Jioni niliporudi kwenye kambi yetu ya polisi nilimkuta mke wangu, marehemu mama yako aliyekulea, akikuogesha katika beseni. Alikukuta unalia nyuma ya ofisi yetu, hujaandikwa popote, unajua jina lako tu, Masika. Alama ya moto ilitoka kiwikoni mpaka kiganjani. "Huyu analala kwetu leo tu," alisema. Alikuwa amezika watoto wawili, na tangu wa pili sikuwahi kumsikia akiimba. Jioni ile aliimba.

Nikanyamaza siku tatu. Siku ya nne ndipo nilipokwenda Kasese, mahali walipopokelewa wakimbizi, nikaambiwa mwanamke alifika, akaonyeshwa Masika wa wenyewe, akageuka na kurudi Kongo kwa miguu, akisema mtoto wake lazima amebaki ng'ambo. Siku tatu hizo ni zangu peke yangu. Mama aliyekulea hakujua lolote. Usimlaumu.

Wiki iliyopita ukaniambia wakwe zako wanataka mtoto aitwe Masika, kwa kuwa ni binti wa kwanza na desturi yao ni ileile ya ng'ambo. "Mimi hiyo jina simpi, Baba. Aliyenipa aliniacha kwa daraja kama mzigo, hata hakugeuka." Nami nikajibu, "Sawa, mwanangu," nikakata simu. Nimeona haya tangu saa hiyo. Na naogopa. Naogopa hutaniita Baba tena, na sina hoja ya kujitetea.

Jina lake bado liko katika daftari langu la zamani: Kavira, anauza maharagwe, Butembo, Kongo. Ndiyo maana naandika hadharani. Ewe mwingine unayesoma au kusikia haya, ukimjua Kavira aliyempoteza binti wa kwanza, mwenye alama ya moto mkononi, mwambie yuko hai, ni mwalimu, na amezaa.

Kibali cha kuvuka ninacho. Viatu viko mlangoni. Siku ya soko ijayo nitasimama darajani tangu asubuhi. Ukija, Masika, nitakubebea mtoto. Usipokuja, nitavuka mwenyewe nikamwulize kila Kavira wa Butembo, na sasa najua watakuwa wengi, maana Kavira nalo ni jina la zamu ya kuzaliwa. Safari hii nitauliza habari za alama.

Mtoto mpe jina unalolipenda. Ila usimwambie kwamba bibi yake hakugeuka. Aligeuka, akakimbia kule nilikomwonyesha mimi.

Baba yako, ukikubali.