Inua Mikono

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na cherehani nayo nzima. Mimi sijambo kabisa, tunachapa kazi.

Kwa kuwa unasema simu na sikio lako havipatani, kaa nikusimulie kwa wino. Wiki hii nimegombana na daktari. Usishtuke, nimeshinda.

Wodini kwetu kuna mzee mmoja, fundi viatu, aliyepasuliwa tumbo Jumatatu. Kuna pia muuguzi mpya tunayemwita Kasuku, kwa sababu asemalo mgonjwa yeye huliandika vilevile. Jumanne asubuhi alimwuliza mzee, "Baba, hujambo?" Mzee akajibu, "Sijambo, mwanangu." Kasuku akaandika kwenye faili: hajambo. Saa nne, hajambo. Saa sita, hajambo. Nilipopita mimi nikaona mkono wa mzee umeng'ang'ania chuma cha kitanda. Nikamwambia, "Baba, hebu geuka ulalie ubavu." Alijaribu, akashindwa, machozi yakamtoka. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

Daktari akaniambia faili linasema hajambo. Nikamjibu, "Daktari, faili halina tumbo." Akataka kwenda zake, nikasimama mlangoni. Wewe unanijua nikisimama mlangoni. Alirudi, akamgusa mzee mara moja, na baada ya nusu saa mzee alikuwa chumba cha upasuaji. Mshono wa ndani ulikuwa umeachia. Leo anakunywa supu na kunisema kwamba soli za viatu vyangu ni aibu kwa taifa.

Sasa muuguzi mkuu anataka Kasuku afukuzwe. Nimemwomba asubiri. Binti hakudanganya, Mama. Aliuliza salamu, akajibiwa salamu.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mama. Mimi sijambo, hofu ni kwako tu uliye mbali. Cherehani inalia kidogo, lakini hata mimi ningelia kwa umri ule.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimesoma kwa sauti ili jirani asikie kupitia ukutani. Nina fahari nawe mpaka shingo inaniuma kwa kuibeba.

Huyo Kasuku usimwache. Umesahau nilivyokuwa nikifanya na wateja? Mtu akijaribu gauni, ukimwuliza limekukaa, atasema limenikaa, hata kama limemkaba roho. Anaogopa kukuudhi. Ndiyo maana sikuwa nauliza. Nilikuwa nasema: inua mikono. Akiinua, kwapa linasema kweli. Mfundishe hivyo hivyo.

Huku hakuna jipya. Siku hizi navaa kandambili za marehemu baba yako, viatu vyangu vinanibana, nadhani vimesinyaa kwa wivu. Na kile kiti chake cha mikono tumependana. Kitanda nimekisusa, usingizi unanikuta humohumo kitini.

Mama yako


9 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Mimi sijambo.

Umenifundisha kazi yangu kwa mistari mitano! Sasa kila Jumatano baada ya makabidhiano ya zamu tunajifungia chumba cha shuka, dakika kumi tu, wauguzi wote na wasafishaji pia, maana wao ndio huona nani hajagusa chakula. Nimewaambia mama yangu ni fundi cherehani, na neno lake ndilo sheria ya wodi: asiandike mtu "hajambo" kabla mgonjwa hajainua mikono. Kama ni tumbo, ageuke. Kama ni kifua, ahesabu mpaka ishirini bila kupumzika. Juzi daktari naye alikuja. Hakukaa, alisimama mlangoni kama mimi siku ile, lakini aliandika kila kitu.

Muuguzi mkuu amemsamehe Kasuku. Mama, umuone sasa! Anawashika wanaojikaza kabla hata mimi sijawaona. Kwa uchungu wangu wamemhamishia kituo cha afya cha huko kwenu, kwa hiyo barua hii anakuletea mwenyewe. Mkaribishe kama mwanao.

Likizo yangu ya mwezi huu nimempa mwenzangu aliyejifungua, kwa hiyo nisubiri kidogo. Kandambili za baba zimenichekesha mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Mapenzi gani hayo!

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Leo sikuandikii kwamba sijambo. Nakuandikia nikiwa kitandani kituo cha afya, na kabla hujapiga yowe tazama mwandiko: ni wangu, umenyooka.

Kasuku wako alifika. Akanipa shikamoo na barua, akauliza, "Mama, hujambo?" Nikamjibu sijambo. Nilidhani ataaga. Akakaa, akaitazama miguu yangu, akautazama mto ulioko kwenye kiti, kisha akasema kwa adabu kabisa, "Mama, inua mikono."

Mimi! Katika nyumba yangu! Kwa neno langu mwenyewe! Niliinua ili nimwonyeshe. Haikufika masikioni, pumzi ikakata. Akapiga magoti, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba, pakabaki shimo kama kwenye unga uliokandwa. Hapo nililia, mwanangu. Nilikuwa najua tangu mwezi wa pili kwamba nikilala chali nazama.

Daktari wa hapa anasema moyo umechoka na maji yamejaa mwilini, na kwamba ningechelewa wiki mbili zaidi asingeahidi kitu. Nimepewa dawa ya kuyatoa. Naenda msalani kama nimeajiriwa huko.

Usijilaumu. Niliyekuficha ni mimi. Uko na wagonjwa arobaini, niliona haya kuwa wa arobaini na moja.

Mama yako


29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimeongea na daktari wako kwenye simu, najua unaendelea vizuri, kisha nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya.

Kandambili. Viatu vinavyobana. Kulala kitini. Uliniandikia ugonjwa wote, herufi kwa herufi, nami nikacheka. Mgeni angeingia wodini na maneno hayo ningemlaza papo hapo. Kwako nilisoma "sijambo" nikatosheka.

Jumatano niliingia na barua yako ya Machi chumba cha shuka, nikawasomea, nikauliza: muuguzi aliyepokea barua hii amekosea wapi? Walijibu kwa dakika moja, hata msafishaji. Daktari akauliza, "Na muuguzi huyo ni nani?" Nikainua mkono.

Hakuna aliyecheka. Nisamehe, Mama.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimerudi nyumbani. Nalala kitandani, mito mitatu. Miguu imerudi kwenye viatu vyake, ila ngazi za nyuma bado zinanishinda. Umeona? Hivyo ndivyo nitakavyoandika sasa.

Hakuna cha kusamehe. Uliyemtetea asifukuzwe ndiye aliyeniokoa, kwa kazi uliyomfundisha. Ningekuwa na mikono minne ningekupigia makofi na yote. Lakini mimi ni fundi, natazama mshono. Barua mbili umeandika sijambo. Soli zako zimekwisha, fundi viatu kasema. Likizo umegawa. Na katika barua zako zote hakuna mahali umekaa chini.

Kwa hiyo sikuulizi hujambo. Inua mikono, mama.

Mama yako


14 Mei

Mama,

Shikamoo. Haifiki masikioni.

Mgongo unauma tangu Januari. Nakula nimesimama. Juzi nilimpa mgonjwa dawa kisha nikakaa kwenye shuka chafu nikalia bila sababu, na daktari akanikuta. Leo ameleta fomu ya likizo, akasimama mlangoni mpaka nikatia saini.

Nafika Ijumaa mchana, siku kumi na nne. Jumatano mbili ataziendesha yeye, na fundi viatu, ambaye alisharuhusiwa kwenda nyumbani tangu Machi, ameahidi kuja kuinua mikono mbele ya wauguzi.

Nikifika usianze na salamu. Mimi nitainua mikono hapohapo mlangoni, nawe unishike.

Mwanao