Aspirini za Aibu Yangu

Navakholo,
S.L.P. 76,
Kakamega.
11 Juni 1978

Mpendwa Shangazi Muhonja,

Mulembe sana. Magoti yako yanaendeleaje na joto la Mombasa? Huku watoto wanakula, na mvua inanyesha mpaka trekta za miwa zinakwama barabarani. Siku hizi ni miwa tu, hata pale mama alipokuwa akipanda mahindi.

Mimi ndiye si mzima. Haya yasome peke yako, mlango ukiwa umefungwa.

Unakumbuka nilipomzaa Awinja, damu ikakataa kukoma, daktari akasema nikibeba mimba nyingine itanimaliza. Basi mwaka jana nilienda hospitali nikawekewa koili, ile ya kuzuia mimba. Sikumwambia Chrispinus. Shangazi, nikwambie ukweli, sikuumia hata kidogo. Miaka ishirini ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza nililala na mume wangu nikafurahi, bila hofu.

Lakini yeye ikawa inamchoma. Koili ina uzi, na wangu uliachwa mrefu. Maskini, akadhani ni zile nywele za majani ya miwa anazotoka nazo kazini! Anaoga mara mbili, anajisugua, anarudi kitandani, anashtuka tena: "Hii miwa itaniua!" Mimi nageukia ukuta nacheka. Kicheko hicho nakijutia.

Dawa yake nilikuwa naijua. Niliambiwa siku ile ile, uzi ukisumbua nirudi, unapunguzwa mara moja. Nikarudi. Kumbe siku hiyo nesi wa zamu alikuwa Milcah, mama mkwe wa binti yangu Nanjala! Ningevuaje nguo mbele ya mkwe? Ningeanzia wapi kumweleza mambo ya kitandani? Akaniuliza, "Mkwe, unaumwa nini?" Nikasema kichwa. Akanipa aspirini sita, tukaulizana habari za wajukuu, nikarudi nyumbani na uzi wangu.

Mwishowe nilimwambia Chrispinus. Hakunipiga. Alilia, akasema nimeishi naye kama mwizi. Akahamia kambi ya wakata miwa, akaapa harudi mpaka hiyo kitu itoke. Nikamkumbusha maneno ya daktari, akasema Mungu ndiye daktari. Nilivumilia majuma matatu, Shangazi, nikashindwa. Nilienda kwa mwanamke mmoja huko Matete, akaivuta. Chrispinus alirudi siku hiyo hiyo na nyama kilo mbili, tukala kama watu wa harusi.

Hiyo ilikuwa Machi. Tangu Aprili sijaona damu ya mwezi, na asubuhi natapika. Yeye anafurahi, ameshachagua jina. Mimi nimechoka hata kuomba.

Sikuombi kitu kingine. Awinja ana miaka mitatu, hasumbui, anakula chochote. Njoo umchukue kabla ya Krismasi, akuzoee mapema. Na ukija usigombane na Chrispinus. Yeye alisikia uchungu akasema. Mimi ndiye nilinyamaza.

Msalimie Mjomba Patroba, na Khisa na mkewe. Mungu akupe maisha marefu, maana kuna mtoto atakayeyahitaji.

Aspirini bado ziko kwenye kikopo, zote sita. Kichwa hakikuwa kinaniuma.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Rispa