Kichujio cha Halszka

Rybnik, 4 Februari

Dada Urszula,

Kabichi tuliyoichachusha pipani imeiva, na Baba anastaafu Aprili.

Jumanne wifi yako Halszka alikagua kipima-gesi cha mgodini. Kilionyesha hewa salama, ila kigoroli kinachoonyesha mtiririko wa hewa ndani yake kilikuwa kimeshuka.

"Mashine haivuti hewa," akasema.

Msimamizi akacheka. "Mama, namba si nzuri?"

"Hizo ni za hewa ya asubuhi, bwana."

Akatoa kichujio kilichoziba kwa vumbi na unyevu, akaweka kipya, akarekebisha mtiririko. Namba za gesi zikapaa, king'ora kikalia. Tukatoka mgodini salama watu arobaini, mimi na Baba tukiwemo.

Baba, ambaye hakuwa akimsemesha tangu harusi yetu, alivua kofia, akambusu mkono. "Asante, mwanangu."

Kaka yako anayejivunia mkewe,
Gerard