Nimeitikia Jina la Marehemu

Jumanne, baada ya Magharibi. Mvua imekatika ghafla, na Msambweni nzima inanuka udongo uliolowa. Nimeketi barazani na kompyuta mapajani kwa sababu sitaki kuingia ndani bado. Ndani kumenyamaza mno.

Leo nimeitikia jina la mtu aliyekufa. Nimeitika kwa sauti, mbele ya wahadhiri wote wa kitivo chetu, na hakuna aliyeshtuka ila mimi.

Wanaonisoma hapa wanamjua Mwanasha kwa kutajwa tu. Alikuwa mhadhiri mwenzangu, ofisi yake na yangu zikitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Nilikuwa nikimsikia akikoroga chai, akijisomea kwa sauti, akimkemea mwanafunzi kisha akimpa nauli ya kurudi nyumbani. Ikifika adhuhuri aligonga mbao kuniuliza kama nimekula. Likizo ndefu iliyopita alishikwa na homa, tukadhani ni homa tu, tukamzika kwao Kinondo.

Ofisi yake haijapewa mtu. Wiki iliyopita mbao ziligongwa, nami nikajibu, "Bado sijala," kabla sijakumbuka. Najua mbao hulia zikipigwa na jua. Najua pia kwamba siku ile kulikuwa na mawingu.

Mwanasha ndiye aliyekuwa akikiwakilisha kitivo chetu katika kamati ya mitaala ya chuo, ile inayoamua somo gani lifundishwe na lipi liondolewe. Leo tulikutana kumchagua wa kushika nafasi yake. Uchaguzi wa namna hii kwa kawaida huwa kama adhabu. Kila mtu huinamisha uso asije akatajwa. Safari hii ukumbi ulijaa, kwa sababu jambo la kwanza litakalofika mbele ya kamati Alhamisi ni somo la Mwanasha mwenyewe.

Alilianzisha yeye, akaliita Simulizi za Pwani. Kila anayesomea ualimu hapa sharti alisome, na kulisoma maana yake ni kutoka. Wanafunzi wanakwenda Kinondo, Mwabungo, wengine wanavuka hadi Wasini, wanakaa na wazee, wanawasikiliza ngano na habari za koo zao, kisha wanarudi kuzisimulia darasani. Wapo wanaosema somo hili ndilo roho ya kitivo. Wapo wanaosema linakula saa ambazo zingetumika kufundisha kompyuta. Mwalimu Kilonzo ni wa kundi hilo la pili, naye aligombea akisema wazi kwamba anataka liondolewe.

Mimi nilipendekezwa na Bi. Riziki, mhadhiri wetu wa fasihi, rafiki mkubwa wa marehemu. Alisimama akasema, "Zuhura alikuwa jirani yake. Tukimpeleka Zuhura, ni kama tumempeleka Mwanasha mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Mmoja akafuta machozi.

Mimi nilihisi kama ninavishwa nguo ya mtu mwingine.

Kwa kweli mimi na Mwanasha hatukukubaliana kuhusu somo hilo hata siku moja. Sikutaka lifutwe. Nilitaka liwe la hiari. Nilikuwa nikiwaona watoto wa watu kutoka bara, hawana nauli, hawana jamaa huku, lugha yenyewe ya wazee hawaijui, wanasukumwa kwenda kubisha hodi kwa wasiowajua. Nilimwambia mapenzi hayalazimishwi. Naye alicheka kwa ile sauti yake nzito akanijibu, "Zuhura, mbona hesabu walilazimishwa na hukuwahi kuwalilia?" Tulibishana hivyo miaka, mlangoni, kwenye chai, kupitia ukutani. Yalikuwa mabishano ya watu wanaopendana.

Mikono ikanyooshwa. Mkuu wa kitivo, Profesa Mutua, mtu mpole asiyependa makuu, akahesabu, akavua miwani, akasema, "Basi, mwakilishi wetu katika kamati ya mitaala ni Daktari Mwanasha."

Nikasimama. Nikasema, "Naam."

Nikangoja mtu amsahihishe. Hakuna aliyefanya hivyo. Nilizitazama nyuso za watu ninaofanya nao kazi kila siku, nikaona wananitazama vizuri sana, kwa huruma na kwa furaha, ila macho yao hayakuwa yakinitazama mimi. Profesa mwenyewe hakujua alichokisema. Alikuwa ameshaanza kufungua faili la ajenda iliyofuata.

Marehemu bibi yangu alikuwa akitukataza kuitikia tukisikia tunaitwa na tusimwone anayeita. Alisema ukiitika umekubali. Nilikuwa nikimcheka. Leo pale niliposimama, mwili ulinisisimka mpaka kisogoni.

"Samahani, Profesa," nikasema. "Mimi ni Zuhura."

Akashtuka, akaomba radhi, akanitaka radhi tena, masikini, mpaka nikamwonea haya. Ningeweza kuketi hapo na mambo yakaisha. Sikuweza kuketi.

Niliwaambia kwamba kama wamenichagua ili niseme kwa kinywa cha Mwanasha, wamekosea mtu. Niliwaambia nilimpenda, na kwamba sikukubaliana naye, na kwamba nikifika Alhamisi nitaomba somo libaki lakini liwe la hiari. Nikasema si haki wanichague bila kujua. Nikamwomba Profesa arudie kura.

Bi. Riziki alinitazama kana kwamba nimemzika Mwanasha mara ya pili.

Kura ikarudiwa. Mikono iliyokuwa ya kwanza kupanda mara ya awali ilibaki mapajani. Riziki alikuwa amefumbata yake, akiitazama. Nikajua nimeshindwa, na nakiri nilihisi nafuu.

Kisha upande wa pili wa ukumbi mikono ikaanza kupanda. Wenzake Kilonzo, mmoja baada ya mwingine. Mwishowe Kilonzo mwenyewe, mpinzani wangu, akanyoosha mkono akinitabasamia.

Nilishinda kwa kura za watu ambao Mwanasha alitumia maisha yake kupambana nao.

Tulipokuwa tukitoka Kilonzo alinipa mkono. "Hongera, Daktari. La hiari ni mwanzo mzuri," akasema. "Muhula mmoja au miwili likikosa wanafunzi, litajifia lenyewe. Hatuhitaji hata kugombana." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayezungumzia kisima kilichokauka.

Sikurudi ofisini. Niliogopa ule ukuta. Nilichukua bodaboda nikaenda Kinondo kwa mama yake Mwanasha, nikitaka asikie kutoka kwangu kabla hajasikia kwa Riziki.

Nilimkuta amejitanda leso, anapepeta mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," akasogea nipate nafasi kwenye mkeka. Amekonda. Nikamweleza yote, hata lile jina, hata kura za akina Kilonzo. Alisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Nilijua mkibishana," akasema. "Alikuwa akifika hapa amenuna, namuuliza, leo umegombana na Zuhura? Anasema ndiyo. Kisha anakula anamaliza sahani."

Tukacheka, halafu tukalia kidogo.

Ndipo nikamuuliza kuhusu wanafunzi, kwa sababu nilijua Mwanasha alikuwa akiwaleta kwake kwanza, wazoee, kabla hawajaenda kwa wazee wengine. Nikamuuliza kama wakija wachache tu, waliotaka wenyewe, atawasimulia.

"Nitawasimulia, kwa nini nisiwasimulie?" Akauweka ungo chini. "Lakini wanaotaka wenyewe hawana tabu, mwanangu. Wanakuja wameshajua wanachotaka, wanachukua, wanaondoka. Mimi niliwapenda wale wasiotaka. Palikuja msichana mmoja wa Kitui, bara huko, amelia njia nzima. Alikaa pale penye nguzo akinitazama kama nitamla. Nikamsimulia. Siku ya kuondoka alilia tena, akaniambia kwao bibi yake ana hadithi kama yangu na hajawahi kumuuliza." Akageuka kuutazama mlango. "Tangu Mwanasha aondoke hajaja mtu. Nakaa hapa nikisikia hatua nje, natoka, ni mbuzi."

Nilimsaidia kuchambua mchele mpaka giza likaanza kuingia, akanifungia mwingine nikapike, nikamwomba dua, nikaondoka.

Njia nzima nimekuwa nikimwona yule msichana wa Kitui. Simjui jina wala sura, lakini namwona amekaa penye ile nguzo. Miaka yote niliwatetea watu kama yeye, na haikunipitikia kumuuliza hata mmoja wao yaliyomkuta baada ya machozi.

Sasa nahisi msimamo wangu unateleza. Nikiwa mkweli, umeshateleza. Nadhani Alhamisi nitaiambia kamati somo libaki la lazima, chuo kiwalipie wanafunzi nauli, na wasipelekwe kokote wakiwa peke yao. Kilonzo atasema nimemlaghai, na atakuwa na haki, kwa hiyo kesho asubuhi nitamwendea nimwambie mwenyewe. Na Riziki pia. Yeye atafurahi, atanikumbatia, na atasema kile ninachokiogopa kuliko yote: kwamba amemsikia Mwanasha.

Hilo ndilo linaloniweka hapa barazani. Leo asubuhi nilikuwa na rai yangu, nikaitetea mbele ya watu wote. Jioni ninayo rai yake, na naiona nzuri, na imenikaa sawasawa kifuani.

Nitajuaje kama ni mimi niliyebadilika?