Mtambo Mmoja au Vidude Sita

Dada yangu mpenzi, fundi wa kushona nguo za maharusi na midomo ya wambeya,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa mikono miwili maana safari hii ni nzito, ukizipokea kwa mmoja zitakutegua. Natumai huko mnaendelea vizuri, cherehani inazunguka, shemeji anakoroma kwa afya, na wapwa zangu wanamtii mama yao kuliko wanavyonitii mimi mjomba wao. Nikija upande wangu, mimi ni mzima wa afya, nakula, nacheka, na akina mama wa jengo hili bado wananisalimia kwa sauti laini kuliko wanavyowasalimia waume zao.

Umeniuliza mbona niko kimya. Dada, siko kimya, siko ndani tu. Wiki hizi sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta funguo, nikizipata nasahau nilikuwa naenda wapi. Chai naimalizia mlangoni. Hata barua hii nimeianza mezani, nikaihamishia kitandani, sasa naiandikia juu ya spika, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani ndugu yako amelewa. Wapo wanaodhani hivyo, nitakufikisha huko.

Jambo lenyewe ni la kazi. Kiongozi wetu wa bendi, yule tunayemwita Jemadari kwa kupenda kutupanga mstari hata tukienda kula, amenipa mpaka Jumamosi ijayo. Siku hiyo tunapiga dansi kubwa hotelini, na mwenye hoteli akiridhika ukumbi utakuwa wetu kila mwisho wa wiki. Jemadari kasema sauti za gitaa langu zitoke safi siku hiyo, la sivyo gitaa la solo atalishika mtu mwingine. Kayasema mbele ya bendi nzima. Kaniambia mimi, niliyepiga melini, niliyepiga katika nchi ambazo hata mvua yake sikuielewa, niliyepiga mbele ya mawaziri wawili mpaka mmoja akatoa machozi. Wenye wivu wanasema alikuwa na mafua.

Ngoja nikufafanulie ili usipotee. Gitaa la umeme likiwa peke yake ni kama gauni lisilotiwa nakshi. Nakshi zinatiwa na vidude vya chuma, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni, unavipanga sakafuni na kuviunganisha kwa nyaya fupi. Mikono inapiga, mguu unakanyaga. Ukikanyaga hiki sauti inakwaruza kama bati linaloburutwa, ukikanyaga kile inajirudia kama mtu anayeita bondeni, kingine kinaitikisa kama maji kwenye beseni. Mimi ninavyo sita. Nimevikusanya kimoja kimoja, na nilikuwa navikanyaga bila kutazama, kama wewe unavyokanyaga cherehani huku unagombana na mteja. Sasa siku hizi kuna mtambo mmoja, bapa kama sinia, una sauti zote hizo tumboni mwake na nyingine chungu nzima ambazo hakuna aliyeziomba. Ama ununue huo, ama ubaki na vidude vyako. Wapiga gitaa wanaweza kugombana kuhusu hilo mpaka bia zikapoa, nina maana zikapata moto.

Balaa lilianzia kwenye harusi. Maharusi wanaingia, Jemadari ameomba wimbo wa kubembeleza, nami nikaenda kukanyaga kidude cha mwangwi. Nikakikanyaga pamoja na jirani yake, yule wa kukwaruza. Mlio uliotoka, dada, bibi harusi aliruka akatua juu ya kidole cha mguu cha bwana harusi, na baba mkwe akaamuru jenereta lizimwe. Jenereta halikuwa na kosa lolote. Mara ya pili ilikuwa klabuni. Nilikanyaga, nikaamini nimekanyaga, kumbe kidude kiko kule na mguu uko huku, nikapiga solo nzima kavu kama biskuti. Jemadari akanifuata nyuma ya jukwaa akaninusa mdomo. Alininusa mbele ya wacheza shoo, halafu akasema kama ni pombe niseme ni pombe, tutajua la kufanya. Sikukataa. Nilicheka, nikamwambia vidude vimebanana mno, nitanunua mtambo mmoja mambo yaishe.

Ndipo zilipoanza safari zangu za kwa Bwana Soketi. Huyu anauza vyombo vya muziki, mzee mkavu, koleo haliondoki mfuko wa shati, na ukiingia dukani kwake anakutazama kama umekuja kuazima ngazi. Siku ya kwanza niliujaribu mtambo asubuhi nzima, nikatoka nimeamua. Waya mmoja, mzigo mwepesi, kila wimbo umepangiwa sauti zake mapema, unakanyaga mara moja umemaliza. Kabla sijafika nyumbani nikageuka. Mtambo ukifa umekufa na ukoo mzima, lakini kidude kikifa wenzake wanakizika na kazi inaendelea. Halafu una kioo chenye maandishi ya kusoma, na wewe unajua shule niliiacha mapema kwa hiari ya mwalimu mkuu. Kidude hakina maandishi, unakizungusha kwa vidole mpaka sikio likubali. Kesho yake nikarudi nimeamua vidude, ila vipya, vyenye vitufe vipana. Bwana Soketi akavishusha vyote kabatini. Nikavikanyaga, nikavisifia, nikaondoka. Siku iliyofuata nikauliza tena mtambo. Mzee akavuta pumzi ndefu, akauchomeka.

Nyumbani ndiyo usiseme. Nimevipanga vidude vyangu mstari, nimevipanga nusu duara, nimevipanga kwa ngazi kama watu wanaopigwa picha ya harusi. Nimegundisha vizibo vya chupa juu ya vitufe ili viinuke. Mpangaji wa chini amepanda kuniuliza kama nahama, nikamwambia nahamisha mawazo. Alinitazama, akaomba nihamishe polepole.

Mpiga kinanda wetu ni mwanamke mpole tunayemwita Shangazi, ingawa kwa umri nimemzidi. Siku moja baada ya mazoezi alinifuata akaniambia ule mtambo unaweza kuungwa kwenye kinanda chake kwa waya, yeye akawa ananibadilishia sauti kwa kidole, mimi nisimame tu nipige. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekusogezea kiti. Nami nikawaka. Nikamwambia siku nitakapoanza kulishwa kwa kijiko ndiyo siku hiyo aje kunibadilishia sauti. Alinitazama miguuni, akakifunika kinanda chake, akaniaga.

Sasa nafika kwenye kilichonishikisha kalamu. Jana nilirudi kwa Bwana Soketi. Nikavua kiatu ili niujaribu mtambo kwa soksi tupu, mguu upate kusikia vitufe vizuri. Nikawa napiga, nakanyaga, najisifu kwa sauti kubwa kuhusu enzi za melini, jinsi nahodha alivyokuwa akiacha usukani kuja kunisikiliza. Bwana Soketi akaniambia ninyamaze. Nikadhani nimekosea noti. Akasema mtambo wake unachafuka. Kutazama chini, kila kitufe nilichokanyaga kina alama nyekundu, na soksi imelowa. Alinikalisha juu ya boksi la spika, akaupakata mguu wangu mapajani, akatoa koleo lake akachomoa skrubu. Skrubu, dada, ya kwenye kitako cha kidude changu mwenyewe, ilidumbukia kiatuni sijui saa ngapi. Nilishuka nayo ngazi, nikapanga nayo foleni ya maji, nikatembea nayo mpaka mjini. Alipokuwa anaivuta nilimtazama kama namtazama fundi anayetengeneza mguu wa meza. Akaniuliza kama inauma. Nikamwambia nyayo za mwanamuziki hukomaa. Hakucheka. Alinyoosha koleo kuelekea dirishani, akasema ng'ambo ya barabara kuna zahanati, na kwamba siku zote hizi amekuwa akijiuliza huyu mteja mbona haangalii bidhaa, anaangalia nje.

Hapo juu nimekuandikia kwamba mimi ni mzima wa afya. Niliandika kwa mazoea. Mguu wa kulia sina habari nao. Ganzi ilianzia vidoleni, kama mtu aliyevaa soksi nene, na sasa hiyo soksi imepanda mpaka kwenye kifundo. Vidude havijabanana, viko palepale vilipokuwa miaka yote. Wala sinywi. Nilimwachia Jemadari aamini pombe kwa sababu mlevi anaweza kuacha akarudishiwa kazi yake. Mpiga gitaa asiyesikia mguu anarudishiwa nini? Na mimi na wewe tulimwona baba. Tuliona jinsi alivyofunga kile kidonda kwa kitambaa na kutuambia ni kiatu kimembana, mpaka siku waliyomrudisha na mguu mmoja. Sisemi kwamba ni sukari. Sijui, na huko kutokujua ndiko nilikokuwa nakula nako na kulala nako.

Wewe, kwa kukumbuka ya baba, uliniambia nikapime. Ukaniambia tena huku unalia, nami nikakutania ukacheka ukaniacha. Basi sikiliza. Kila asubuhi niliyotoka kwenda kwa Bwana Soketi, sikutoka kwenda kwa Bwana Soketi. Nilitoka kwenda zahanati. Nikifika pale barabarani nikaliona benchi la nje limejaa watu wametulia na makaratasi yao mkononi, mwili unageuka wenyewe kuingia dukani. Na ukishaingia dukani kwa mtu lazima uulize kitu, nikauliza mtambo. Kesho yake nikauliza vidude. Ndiyo maana sijachagua mpaka leo. Siku nitakayochagua sitakuwa na kisingizio cha kwenda mtaa ule.

Hata jana baada ya ile skrubu nilimshukuru mzee, nikatoka nikavuka nusu ya barabara, nikarudi kumuuliza kuhusu betri. Nikakuta amefunga mlango mchana kweupe, amesimama nyuma ya kioo ananitazama. Nilimpungia. Hakupunga. Nikajifanya nina haraka, nikaenda zangu.

Njiani nilipita kwa Shangazi, nikamwambia Jumamosi alete waya wake, mtambo nitaukodi, abadilishe yeye sauti zote. Hakuuliza kwa nini. Alisema tu kwamba atatafuta waya mrefu, ili watu wasione kama nimefungwa kwake. Nilitaka kumtupia mzaha nikakosa hata mmoja, na wewe unajua mimi sijawahi kukosa. Kwa hiyo dansi litapigwa, Jemadari atapata sauti zake safi. Baada ya Jumamosi, kama nitakuwa na mguu wa kukanyagia au la, hilo si la Bwana Soketi kunijibu.

Ninachokuomba si ushauri kuhusu mtambo wala vidude. Funga cherehani siku moja, Jumanne ya baada ya dansi, uje. Nataka uvuke barabara na mimi, basi. Ukisikia nimeanza habari za melini ujue nageuza, usinisikilize, na nikikuchekesha cheka huku unatembea. Nishike hapa juu ya kiwiko, ulivyokuwa ukinishika tukienda shule, unibane tuvuke mpaka ng'ambo. Na pale dirishani wakiuliza jina la mgonjwa, sema wewe. Mimi nikiachiwa nitawatajia la jukwaani.

Mama usimwambie kwanza. Akiuliza, mwambie mwanao anachagua mtambo, wala hutakuwa umedanganya. Nisalimie shemeji, nisalimie wapwa zangu mmoja mmoja na usimruke yule mkorofi maana ndiye aliyenifuata mimi. Salamu kwa majirani wanaoniulizia, na wasioniulizia pia, huenda wana haya. Jumanne nitakuwa nimesimama chini ya ngazi tangu asubuhi, nimevaa viatu vyote viwili.

Wako anayekupenda kuliko anavyosema,
mdogo wako, kitinda mimba wa mama