Rupia ya Shingoni

Bondeni, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Mke wangu Dina,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na nauliza hali yako nikijua si nzuri. Unakula? Yohana aliponiletea barua yako alisema umekonda hadi nguo ya kanisani inakuning'inia, na kwamba mama anakubembeleza unywe uji. Unywe, tafadhali. Mimi mwili ni mzima. Moyo usiuulize. Barua hii usimpelekee mwalimu akusomee. Isome mwenyewe, polepole, ukiwa umekaa.

Kwanza ujue kwamba sikukataa kuja kumzika mtoto wetu Rebeka. Habari ilinifikia akiwa tayari yuko chini ya udongo. Na siku hizi za Emajensi, hali hii ya hatari, askari wamejaa stesheni, kila mtu anadaiwa barua ya mwajiri, hata mwenye msiba. Mshahara nao ulikuwa umekwenda wote kwenye dawa zake. Nililia nyuma ya duka, pale tunapomwaga maji machafu. Bwana wangu, yule Mhindi fundi wa saa, aliniona akaniacha.

Kazi ni nyingi. Ziwa limekauka pembeni na upepo unaleta vumbi jeupe, linaingia katika kila saa ya mji huu. Mimi ndiye nasafisha. Mshahara ni ule ule.

Rupia niliipata ndani ya kile kitambaa cha maua, na maneno yako niliyapata: niiuze, nipate nauli, nije nione alipolala mtoto wangu, maana wewe hutaki kuiona tena ndani ya nyumba. Nilikusikia. Baba alirudi nayo kutoka vita vya Wajerumani, alikobeba mizigo mpaka mabega yakachubuka. Alipoitoboa kwa msumari akamvalisha Rebeka shingoni, ili huyu akae, asitukimbie kama yule mtoto wa kwanza, hakudhani ingefika sokoni. Lakini nilisema nitaiuza, na nilikusudia kuiuza.

Fundi ana ugonjwa wa kukusanya sarafu za zamani. Mgonjwa mwenzake ni mzungu mmoja wa Njoro, mkulima wa ngano. Jumamosi duka likifungwa wanaketi wawili hao kugombania visenti kama watoto na karanga. Wanagombana kwa Kiswahili, maana Kiingereza cha Fundi ni kidogo na Kihindi cha mzungu hakipo kabisa.

Jana walikuwa na senti kumi ambayo tundu lake limekaa upande, si katikati.

"Hii ya wongo," Fundi akasema. "Watu ya bazaar natoboa."

"Wapi! Angalia ndani ya tundu. Hapana alama ya tupa. Mashine ndio nakosea."

Waliipima kwenye mizani, wakaiangusha juu ya kioo wasikilize mlio, wakaigeuza ukingo, mwisho wakakubaliana ni ya kweli. Basi bei ikapanda! Mzungu alikuwa tayari kutoa pesa ya mbuzi kwa senti kumi moja iliyoharibika. Nikasema moyoni, Mungu amenifungulia mlango, mimi pia ninayo yenye tundu. Nikaitoa mfukoni.

Nayo waliipima, wakaiangusha kwenye kioo. Ililia vizuri sana, Dina. Wakasema ni fedha halisi, rupia ya Mjerumani, si ya kuigwa. Halafu wakaanza kuitoa kasoro. Pua ya mfalme imelika. Maandishi yamefifia. Na tundu!

"Nani natoboa hii?" mzungu akauliza. "Pole sana. Hii naua bei."

Niliuliza mbona lile tundu lingine ni mali. Wakacheka, si kwa ubaya. Kumbe likikosewa kiwandani ni mali, likitobolewa na mtu ni hasara. Nilitaka kusema baba yangu hakukosea, nikanyamaza kwa sababu ya nauli.

Mzungu akaonyesha ukingo. "Na hapa nakwaruza. Panya nakula?"

Fundi akavaa jichoni kile kioo anachotazamia matumbo ya saa, akainama. Akaigeuza, akaigeuza tena. Ana wajukuu.

"Hapana panya," akasema. "Hii meno ya toto. Mbili juu, mbili chini."

Nikasema, mtoto wangu hana meno. Ndivyo nilivyosema, kama mpumbavu: hana. Nilipowaacha alikuwa na ufizi mtupu, akinitafuna kidole bila kuniumiza. Fundi akanipa kile kioo. Nikaona mikwaruzo midogo, miwili upande wa mfalme na miwili upande wa pili, imekaribiana. Nilitazama mpaka kioo kikajaa machozi nisione tena.

Mzungu hakujua. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Akasema, "Mimi tanunua. Taziba tundu, tasugua hii alama, takuwa safi." Bei aliyotaja ilitosha treni ya kuja na ya kurudi.

Niliichukua mkononi mwake nikasema siuzi.

Najua hasira yako. Utasema nimechagua rupia nikaiacha nyumba, na umekaa peke yako na kaburi. Sina la kujitetea. Nitakuja mwisho wa mwezi nikilipwa. Fundi ameahidi kuniandikia barua ya kuwaonyesha askari. Kama bado hutaki kuiona rupia, itakaa mfukoni mwangu, hutaiona.

Msalimie mama, umwambie asichoke na wewe. Msalimie dada yangu na watoto wake, na Mzee wa kanisa aliyeomba kaburini. Baba mwambie rupia yake imejaribiwa kwa mizani na kwa mlio, ni ya kweli. Habari ya tundu usimwambie.

Dina, hukuniandikia kwamba ameota meno. Labda ulitaka nije nijionee mwenyewe. Niandikie sasa. Jino la kwanza lilitoka lini, na lilikuwa la juu au la chini? Alilia sana? Na alipocheka, yalionekana?

Mimi mumeo,
Zakayo