Liseuse Kubwa ya Yaya

Mujukuu wangu Mireille,

Jambo sana, mama. Hapa Kasungami tuko bazima, mutoto wangu ameota meno mawili. Usicheke: mudogo wa nkambo yako naye ni nkambo, na wewe ni mujukuu wake, hata kama bado ananyonyesha.

Unauliza ununue liseuse, ile mashine ya kusomea vitabu, ndogo ao kubwa. Nilipozaa wa kwanza, nkambo yako alikuwa na kubwa, yenye maandishi manene kwa macho yake. Yangu ilienea mukono mumoja, na wivu ulinikula. Nikamuomba, yeye dada yangu mukubwa: "Yaya, tubadilishane." Akacheka: "Chukua, mwenye wivu!" Siku ile ile, nikinyonyesha, ile kubwa ikaniponyoka, ikamupiga mutoto usoni. Niliirudisha nikilia.

Mpaka leo naionea wivu. Lakini niambie kwanza: ukisoma, mukono wako mwingine unashikaga nini?

Ni mimi, nkambo yako mudogo.